Mwendo wa Pwani na Ziwa

Mwanafunzi akiulizwa ni umbali gani toka Dar es Salaam hadi Kigoma, aghalabu hujibu kwa haraka kwamba ni kilomita 1,250 hivi. Hakukosea; hizo ndizo kilomita za reli. Mwenzake aliyewahi kusafiri kwa garimoshi atajibu kuwa ni siku mbili. Wa tatu, ambaye mjomba wake hupanda ndege, atasema ni saa mbili na kitu. Na lau tungeweza kumwuliza mpagazi wa Kinyamwezi wa mwaka 1870, asingetaja kilomita wala saa. Angehesabu kambi kwa vidole, na kila kambi angeieleza kwa maji yake. Majibu yote manne ni sahihi. Katika makala haya twakusudia kuyatazama kwa makini, kwa sababu twaamini kwamba kipimo anachotumia mtu kupimia njia hubadili namna anavyoifikiria nchi yenyewe. Mahali palipokuwa katikati paweza kugeuka pembeni, na palipokuwa mbali paweza kuwa jirani, bila ya ardhi kusogea hata shubiri moja.

Tuanze na ndege, maana hesabu yake ni nyepesi na yaweza kufanywa darasani kwa atlasi na penseli. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ulioko Dar es Salaam, umo katika longitudo ya digrii 39 na dakika 12 Mashariki. Ule wa Kigoma umo katika digrii 29 na dakika 40. Tofauti yao ni digrii 9 na dakika 32. Kwa upande wa latitudo, Kigoma iko kaskazini zaidi kwa digrii 2 hivi. Karibu na Ikweta kila digrii ni kama kilomita 111, basi mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kanuni ya Pythagoras atapata kwamba toka uwanja mmoja hadi wa pili, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 1,075 au zaidi kidogo. Tofauti ya kilomita 175 baina ya jibu hili na lile la reli ni gharama ya kutembea juu ya ardhi: kuzunguka milima, kutafuta mahali pa kuvukia mito, na kupitia miji ambayo mtu hakukusudia kufika.

Baada ya kupata umbali, mwanafunzi atataka kuugawa kwa mwendo wa ndege ili apate muda. Ndege ya propela iendayo kilomita 500 kwa saa ingekata masafa hayo kwa saa mbili na dakika tisa. Lakini asishangae akiona tikiti imeandikwa muda mrefu zaidi. Muda wa tikiti huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea toka mahali ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena mwisho wa safari, na ndani yake mna kutambaa uwanjani, kungoja zamu ya kuruka, kupanda polepole ikiwa nzito kwa mafuta, na kuteremka kwa taratibu. Kisha upo upepo. Ndege yenye upepo wa nyuma huwahi, na yenye upepo wa mbele huchelewa, kama lilivyo jahazi. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi alingoja miezi na rubani hupoteza dakika. Tena kama ndege itatua Tabora kushusha abiria, hesabu yote yabadilika. Hata katika kipimo hiki kinachodhaniwa kuwa hakina utata, umbali ni kitu kimoja na mwendo ni kitu kingine.

Sasa twamwomba msomaji achukue rula, auweke ukingo wake juu ya viwanja hivyo viwili katika ramani ya Tanzania, na kuchora mstari. Mstari huo hupita kaskazini kidogo ya Morogoro, hupita juu ya Dodoma penyewe, kisha huiacha Tabora upande wa kulia kwa kilomita zisizozidi sitini. Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma: hiyo ndiyo Reli ya Kati. Na toka Ugogo hadi Unyamwezi, na toka Unyamwezi hadi ziwani, hiyo ndiyo kwa jumla njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kabla mkoloni hajafika na mataruma yake. Njia tatu zimelaliana: ya miguu, ya chuma na ya hewa. Wazee wetu hawakuwa na dira wala ramani ya karatasi, na bado njia waliyoichagua, ikitazamwa toka juu, haikupotoka sana na ile ambayo rubani huichagua kwa vyombo vyake. Jambo hili halisemwi vya kutosha katika vitabu vya historia, ambavyo hupenda kuwaonyesha wageni kuwa ndio waliofungua njia.

Ukweli ni kwamba umbali wa ziwa ulijulikana pwani kabla Mzungu yeyote hajaukanyaga. Mmisionari Erhardt, aliyekaa Tanga miaka ya 1850, aliwauliza wasafiri wa pwani habari za bara, nao wakampa majina ya mahali na idadi ya siku za mwendo. Kwa habari hizo yeye na mwenzake Rebmann walitengeneza ramani iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856. Ramani hiyo ilichekwa baadaye, maana ilionyesha ziwa moja kubwa mno lenye umbo la konokono asiye na gamba, mahali ambapo kuna maziwa matatu. Lakini kosa hilo lilikuwa la nani? Waliokwenda kwa njia ya kusini walisema mwisho wake ni maji makuu; waliokwenda kwa njia ya kati walisema hivyo hivyo; na waliokwenda kwa ile ya kaskazini kadhalika. Kila mmoja alisema kweli ya njia yake. Aliyeyaunganisha maji yale kuwa bahari moja ni yule aliyekaa na kalamu.

Msafara wenyewe ulikuwa chombo chenye taratibu zake. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye bendera na mavazi yasiyofanana na ya wengine, na mbele yake hakuruhusiwa mtu kupita. Nyuma yake walifuata wapagazi kwa mstari mmoja, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Wanyamwezi walisifika kuliko wote katika kazi hii. Kwao ilikuwa kazi ya kujira, yenye mapatano na posho, nayo kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani alihesabiwa bado mtoto. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Hapo palipokuwa na maji palihesabiwa kambi moja, nayo yaweza kuwa kilomita kumi, kumi na tano, au hata ishirini. Mwenye kupenda mizani ya chuma atasema kipimo hiki ni kibovu kwa kuwa hakilingani. Sisi twaona kilikuwa na maarifa zaidi ya kilomita, maana kilomita haimwambii msafiri kama atakunywa.

Katika nchi kame ya Ugogo, na katika pori la Mgunda Mkali lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, yalikuwako masafa ambayo mtu hawezi kuyakata toka maji hadi maji kwa asubuhi moja. Hapo msafara ulifanya terekeza: watu walipika na kunywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka mchana jua likiwa utosini, wakalala porini pasipo na maji, na kesho yake asubuhi wakafika kisimani. Terekeza moja ilihesabiwa kwa jina lake, haikuchanganywa na kambi za kawaida. Huko Ugogo, tena, maji yalikuwa na wenyewe. Watemi walidai hongo kwa kila msafara, nayo ililipwa kwa doti za merikani na kaniki na kwa shanga. Wageni wengi wameandika kwa hasira juu ya hongo, kana kwamba ni unyang'anyi. Watu wanaochimba visima katika nchi ya ukame, kisha wakafikiwa na msafara wa watu mia tano wenye kiu na njaa kwa siku moja, walikuwa na haki ya kudai kitu. Basi aliyesema kwamba mahali fulani ni kambi tano toka hapa, kwa neno hilo moja alikuwa amekwisha kueleza pia maji, posho na bei ya njia.

Kwa hiyo muda wa njia ile haukuwa mmoja. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Walipumzika huko zaidi ya mwezi, na ziwa wakaliona tarehe 13 Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Unyanyembe kwa muda wa miezi mitatu tu, kisha akakwama. Njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtemi aliyekataa biashara ya nchi yake itawaliwe na wafanya biashara wa Tabora. Stanley alilazimika kuzungukia kusini, na toka Unyanyembe hadi Ujiji, safari fupi kuliko ile ya kwanza, hesabu yake mwenyewe ilikuwa siku hamsini na moja. Mirambo hakuongeza hata mkono mmoja katika ardhi ya Unyamwezi, lakini aliirefusha njia.

Majina ya wageni hao twayajua sote. Tumtaje pia Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani angali mdogo, akapelekwa India, na baadaye akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu huru. Alikwenda Ujiji pamoja na Burton na Speke. Akasafiri tena na Speke toka mwaka 1860, kupitia Unyanyembe na Uganda hadi Misri. Akafika Ujiji mara ya pili na Stanley mwaka 1871. Akafika mara ya tatu na Cameron mwaka 1874, na safari hiyo haikuishia ziwani, bali ilivuka bara zima hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Hatujui mtu mwingine wa zama zile aliyeipima nchi hii kwa nyayo zake namna hiyo. Alipewa nishani na pensheni ndogo na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza. Maelfu ya wapagazi waliotembea pamoja naye hawakuandikwa majina, na wengi walibaki njiani kwa ndui na kuhara.

Wala haitufai kuipamba njia hii kupita kiasi. Hiyo hiyo iliyopitwa na wapagazi wa kujira wakiimba, ilipitwa pia na watumwa wenye makongwa shingoni na minyororo, waliotolewa Manyema na ng'ambo ya ziwa. Kwao kambi hazikuwa kipimo cha kufika. Mpagazi alihesabu kambi zilizobaki. Mtumwa alihesabu zilizokwisha kumtenga na kwao. Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliiweka njia hii, pamoja na vituo vyake vya Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara, Ujiji na vinginevyo, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, nayo iliitwa kwa jina lake halisi: njia ya watumwa na pembe za ndovu.

Jambo moja lililotokana na ule mwendo wa polepole linatuhusu kila siku tufunguapo kinywa. Mtu akilala kambi themanini njiani, hana budi kununua unga, kuuliza maji, kubembeleza, kugombana na kupatana mara themanini. Kiswahili kilipanda toka mrima kambi kwa kambi namna hiyo, kikaota mizizi Tabora na Ujiji, kisha kikavuka ziwa kuingia Manyema, ambako hadi leo mashariki ya Kongo wanakisema kwa lafudhi yao wenyewe. Lau ndege ingetangulia, huenda lugha isingepata mahali pa kushukia.

Reli ilianza kujengwa na Wajerumani toka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku mbili. Mtu angetazamia kwamba mzigo sasa umeshuka kichwani mwa Mwafrika. Haikuwa hivyo. Mwaka ule ule vita kuu ya kwanza ilizuka, na majeshi ya pande zote mbili, yakipigana mbali na reli, yakawakamata watu kwa nguvu kuwa wapagazi. Safari hii hapakuwa na mapatano wala ngoma. Walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, likitamkwa kwa ulimi wetu, ndilo Kariakoo. Abiria anayenunua begi lake katika soko la Kariakoo kabla ya kwenda kupanda ndege hana habari kwamba amesimama juu ya jina la wachukuzi. Garimoshi nalo lilibeba maajabu yake: meli nzima ya Kijerumani ililetwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na toka mwaka 1927 ikatumika kwa jina la Liemba.

Reli ikaleta kipimo kipya, nacho ni stesheni. Na pamoja nacho likaja neno ambalo kila Mtanzania analijua: Kigoma mwisho wa reli. Tulitafakari neno hili. Kwa mpagazi, Ujiji haikuwa mwisho wa kitu chochote. Ilikuwa kivukoni, penye soko, penye mitumbwi ya kwenda Uvira na Manyema, penye watu wa lugha nyingi. Ni katikati ya dunia yake. Chuma kilipokoma ukingoni mwa maji, tena si Ujiji penyewe bali kilomita chache kando, penye bandari yenye kina, mawazo ya watu nayo yalikoma hapo. Ujiji ikafifia. Na mkoa mzima ukaanza kusemwa kama mwisho wa nchi na watu ambao hawajafika, kwa sababu tu kipimo chao cha njia kilikuwa kimefika ukomo.

Ndege ilichelewa kuunganisha pwani na ziwa. Katika mwaka 1932 ndege za abiria za Waingereza zilizokwenda toka Kairo hadi Cape Town zilikuwa zikitua Moshi, Dodoma na Mbeya, lakini zilikata nchi toka kaskazini kwenda kusini. Njia ile haikuwa yetu. Ilikuwa uzi wa kushonea makoloni pamoja, na Dodoma ilikuwa tundu moja tu la sindano. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza mwaka 1946. Ndege zake za aina ya DC-3 zilikwenda kama kilomita 270 kwa saa, na kwa mwendo huo masafa ya Dar es Salaam na Kigoma yangechukua saa nne bila kutua. Shirika lilivunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikaanzisha lake. Kwa upande wa reli, tarehe 1 Agosti 2024 ilizinduliwa rasmi reli mpya ya umeme toka Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo imekusudiwa kufika ziwani. Pengine neno la mwisho wa reli litarudi na maana nyingine.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ndege imelifichua, nalo ni la saa. Tofauti ya longitudo tuliyoitaja hapo juu, kwa dakika nne za saa kwa kila digrii, ni dakika 38. Yaani jua humpambazukia mtu wa Dar es Salaam kwanza, na mtu wa Kigoma hungoja karibu dakika arobaini zaidi. Saa ya ukutani ni moja kwa wote, lakini saa yetu ya Kiswahili huhesabiwa toka macheo. Kwa kulifuata jua kwa haki, saa moja ya Kigoma si saa moja ya Dar es Salaam. Mpagazi hakulijua hilo wala halikumdhuru. Alizibeba dakika zile 38 kwa miezi, nusu dakika kila kambi, na kila asubuhi jua lilimchomozea saa ile ile ya maisha yake. Abiria wa ndege huzipokea zote kwa pamoja: hutazama saa yake, huona jioni imekwisha kuingia, na nje kungali kweupe.

Uwanja wa ndege wa Kigoma haukujengwa penye reli. Uko upande wa mashariki wa mji, juu ya ardhi tambarare, na ukiutazama katika ramani utaona kwamba uko karibu zaidi na Ujiji kuliko na stesheni. Mji uliokwepwa na chuma umerudiwa na ndege. Abiria anayeshuka hapo bila mzigo mzito aweza kuteremka kwa miguu kuelekea ziwani, apite chini ya miembe ya zamani ya Ujiji, na kufika mahali misafara ilipotua mizigo. Ni mwendo wa saa moja.